Ampu yako ndogo inalia zwiii? Jaribu na betri kabla hujanunua transfoma

Hizi ampu ndogo za chip ya TPA3116 zimejaa mjini, kiboksi kidogo tu, bluetooth, volyumu moja mbele, na ndani ya katoni unakuta adapta nyepesi mpaka unajiuliza kama kuna kitu humo. Ampu yenyewe wala sio mbovu, hiyo chip ya Texas Instruments inakula volti 4.5 mpaka 26 na inapiga kuliko bei yake. Balaa ni adapta. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inalia zwiii muda wote, na ukipitisha mgongo wa kidole kwenye kiboksi cha ampu unasikia umeme unakutekenya.

Ila usikimbilie Kariakoo bado. Tafuta betri ya volti 12, ya sola au ya pikipiki, weka fyuzi ya ampia 5 kwenye waya wa chanya, funga ampu yako na uache waya wa sauti unaotoka kwenye tivii umechomekwa kama kawaida. Sikiliza usiku watu wamelala. Kelele ikipotea basi mwizi ni adapta, endelea kusoma. Ikibaki vile vile shida iko kwingine, mara nyingi kile kimoduli cha bluetooth, na hapo ukitengeneza pawasaplai (kifaa cha kulisha ampu umeme badala ya adapta) hata ya kilo tano zwiii utaikuta pale pale na hela imeshaenda.

Pawasaplai ya transfoma, wenyewe wanaita linia, ni kitu cha kizamani kabisa: transfoma ya kushusha volti, daiodi nne za kugeuza umeme kuwa DC kama wa betri (zikiwa pamoja zinaitwa briji), kapasita za kutunza na kutuliza umeme huo, basi. Kazi iko kwenye kuchagua transfoma. Chukua ya volti 230 kwenda 15, ampia 5 hivi. Umeme wa transfoma ukigeuzwa kuwa DC volti zinapanda, kwahiyo zidisha 15 kwa 1.41 unapata 21, toa 2 zinazoliwa na daiodi, unabaki na 19 na kitu. Muuzaji atakwambia chukua ya 18 ina nguvu zaidi, kataa, maana transfoma ikiwa haina mzigo volti zake zinapanda asilimia 10 au zaidi, na siku umeme wa mtaani umepanda nao utajikuta umevuka ile 26. Angalia pia kapasita za kwenye ampu yenyewe, zikiwa zimeandikwa 25V usizikaribie sana.

Mi niliwahi kuchomoa transfoma ya 12-0-12, ile yenye nyaya tatu za kutoa umeme, kwenye sabufa bovu, nikajua hii ni ya 12, nikachukua nyaya mbili za pembeni nikaunga kwenye briji. Pembeni kwa pembeni ni 24 jamani, ikigeuzwa inakuja 33 hivi. Ilisema pa! na chip ikatoboka katikati tundu dogo kama limechomwa sindano, harufu ilikaa chumbani siku mbili. Kama unayo ya aina hiyo, waya wa katikati ufanye hasi, kila waya wa pembeni upite kwenye daiodi moja halafu uziunganishe hizo mbili, utapata 16. Nguvu inapungua lakini kwa sebuleni inatosha.

Briji nunua ya ampia 10, ile ya mraba yenye tundu katikati, ikaze kwenye bati ipoe. Kapasita weka mbili za 10,000 mikrofaradi, 35V, sambamba. Umeme wetu ni 50Hz kwahiyo kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde, na ampu ikivuta ampia 2 kapasita moja inayumba karibu volti 2 nzima, mbili zinashusha mpaka 1. Ule mstari kwenye mwili wa kapasita ndio hasi, ukigeuza inapasuka usoni kwako. Kati ya chanya na hasi ya kapasita unga rizista ya 2.2k nusu wati ili umeme ujimwage wenyewe ukizima, subiri dakika 3 na bado pima na mita kabla hujaingiza mkono.

Kitu ambacho wengi wanakosea ni mpangilio wa waya. Toka brijini nenda kapasita, halafu kutoka kwenye miguu ya kapasita ndio uende kwenye ampu, ukiunga ampu pale brijini utapata mvumo mnene wa mmmmm na utalaumu transfoma bure.

Upande wa 230 usifanye masihara. Boksi la chuma, ethi (waya wa ardhini) imekazwa kwa skrubu kwenye bati, swichi, na fyuzi ya ampia 1 ile inayochelewa kukatika iwe kwenye laivu (waya wenye umeme). Kama hujawahi kugusa umeme wa ukutani mpe fundi sehemu hii. Kuwasha mara ya kwanza unganisha na balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 kwa sirisi, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndio ufike kwenye transfoma: ikimulika kidogo ikafifia uko salama, ikiwaka moja kwa moja zima, kuna shoti. Ampu usiichomeke bado, pima volti kwanza.

Ukimaliza, sauti kubwa haitaongezeka, kama adapta ilikuwa ya 24 itapungua hata kidogo, utakachopata ni ukimya kati ya nyimbo. Transfoma yenyewe ikivuma kama nyuki ndani ya boksi, kata kipande cha tyubu ya baiskeli uweke chini yake kisha ukaze skrubu upya.