Jeshi la nje limekaa kwenu na halina mpango wa kutoka? Anzieni hapa

Kuna dogo juzi kaniuliza, bro hivi watu wasio na kifaru wala ndege wanalitoaje jeshi la nchi nyingine kwao, nikaanza kumjibu kwa voisi, dakika sita zikaisha sijafika hata katikati, nikaona isiwe tabu ngoja niandike. Mfano nitakaotumia ni mmoja tu, Timor Mashariki, maana ndo ninaoujua vizuri. Kanchi kadogo, nusu ya kisiwa huko karibu na Australia, zamani koloni la Wareno. Indonesia iliingia tarehe 7 Desemba 1975 ikatoka 1999, piga hesabu hapo, karibu miaka 24.

Kwanza toa akilini kwamba Umoja wa Mataifa utakuja mbio ukishalia vya kutosha. Jeshi halijamaliza hata mwezi pale Dili, mji mkuu wao, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 384, tarehe 22 Desemba 1975, wote wakakubali Indonesia iondoke, na Tanzania ilikuwa imekaa kwenye meza ile ile, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim. Sasa hiyo karatasi ikafanya nini? Ikakaa. Sisemi haina kazi, miaka 20 baadaye wanaharakati walikuwa bado wanaingia nayo kwenye ofisi za wabunge, ila yenyewe peke yake haijawahi kumfungisha askari begi.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kabisa, kabla ya bango, kabla ya fulana (watu wanapenda fulana jamani), chukueni karatasi kubwa mwandike nani analilisha hilo jeshi. Jeshi linakula, linanunua risasi, ndege zinataka spea, maofisa wanapelekwa kozi nje, na yote hayo kuna mtu mahali anayasaini. Kwa Indonesia majibu yalikuwa Marekani, Uingereza na Australia, yani silaha, mafunzo na urafiki. Andikeni mpaka kiwanda, mpaka bandari, mpaka kamati ya bunge inayopitisha hela. Mkishaijua hiyo orodha mnajua mnampigia nani kelele, maana mkuu wa jeshi lililowakalia hana sababu ya kuwasikiliza nyie, ila anayemuuzia ndege ana wapiga kura, na hao wapiga kura wengi hawajui hata kama nchi yenu ipo.

Halafu dai. Liwe moja na liwe fupi. Watimor wenyewe walishapigana wenyewe kwa wenyewe Agosti 1975, chama cha UDT na Fretilin, damu ikamwagika, na hiyo stori Indonesia iliitumia sana, ooh tukiondoka watachinjana. Ilichukua miaka kuwaweka chini ya mwavuli mmoja. Dai lililobaki mwishoni lilikuwa rahisi tu, tuulizwe sisi wenyewe kwa kura. Angalia uzuri wake, mama wa kanisani huko Lisbon au mwanafunzi wa Sydney humlazimishi achague chama, unamuuliza tu hivi we unaona vibaya watu wakiulizwa? Mkianza kubishana bendera itakuwa na rangi gani mtapoteza watu, hilo acheni.

Ndani ya nchi mambo ni tofauti na nje na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndo watu wanakufa. Vikundi viwe vidogo, watu watatu wanne, kila mtu ajue anachohitaji kujua basi, asiyejua jina hawezi kulitaja hata akipigwa. Usiweke orodha ya wanachama kwenye simu. Na mtafute nyumba ambayo mvamizi anaona aibu kuifunga. Timor ilikuwa Kanisa Katoliki. Mwaka 1975 Wakatoliki hawakufika hata nusu ya watu, miaka ya tisini karibu nchi nzima ni Wakatoliki, maana pale ndo palikuwa mahali pa kukusanyika na kuongea, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya themanini misa ikawa kwa Kitetum, lugha yao, wakati shuleni watoto wanafundishwa Kiindonesia. Kwenu inaweza kuwa msikiti, chama cha akina mama, hata kikundi cha kuzikana. Sio lazima hapo mahali pafanye siasa, pawepo tu na pabaki wazi.

Sasa picha. Tarehe 12 Novemba 1991, baada ya misa ya kumkumbuka kijana aliyeuawa wiki mbili nyuma, Sebastião Gomes, maelfu walitembea kwenda makaburi ya Santa Cruz pale Dili, njiani vijana wakatoa mabango waliyoyaficha ndani ya nguo, mengine yameandikwa Kiingereza, wanajua kabisa anayesoma sio jirani. Wanajeshi wakafyatua. Waliouawa wanahesabiwa zaidi ya 250. Mauaji yalishatokea mengi kabla ya hapo na makubwa zaidi, tofauti siku hiyo ni kwamba Max Stahl, mwanahabari Mwingereza, alikuwa ndani na kamera, akafukia kanda kwenye kaburi kabla hawajamkamata, usiku akarudi kuzifukua, zikatolewa nje ya nchi kwa siri. Dunia ikaona watoto wamejibanza kati ya makaburi.

Nachotaka uchukue hapo sio ushujaa, ushujaa haufundishiki. Chukua utaratibu. Anayepiga picha asiwe ndo anayezihifadhi, na anayehifadhi asiwe ndo anayesafirisha. Siku hizi kila mtu ana simu na ndo kwanza ushahidi unapotea zaidi, mtu anarekodi anarusha hapo hapo, sura za wenzake zote zinaonekana, kesho yake wanafuatwa majumbani. Ziba sura kabla ya kurusha, ila ile orijino isiyoguswa weka nakala mbili sehemu mbili, na andika siku, saa, mahali. Na tafadhali usiongeze namba. Wamekufa kumi sema kumi, siku utakayokamatwa na uongo mmoja watakunyima imani kwenye ukweli wote uliobaki.

Picha zikishatoka lazima kuwe na watu wa kuzipokea, la sivyo zinalia siku tatu zinapotea. Marekani kulianzishwa kamtandao kanaitwa ETAN mwezi mmoja tu baada ya Santa Cruz, watu wa kawaida, hawana hela ya maana, kazi yao ni kuwasumbua wabunge wa majimbo yao kwa barua na simu. Oktoba 1992 bunge lao likakata hela za mafunzo ya kijeshi kwa Indonesia. Unaweza kusema ni kitu kidogo, na kweli kwa hela ni kidogo, ila ilikuwa mara ya kwanza mlango unafungwa na wakajua inawezekana. Dai dogo linaloshinda kwanza, kubwa baadaye, hii naisisitiza kwa sababu nimekaa kwenye vikao vingi ambavyo dai la kwanza ni kubadilisha dunia na hata chai ya kikao kijacho haijulikani nani ataleta.

Uingereza nako wanawake watatu usiku wa Januari 1996 waliingia kiwandani Warton wakaiponda kwa nyundo ndege ya kivita aina ya Hawk iliyokuwa inakwenda Indonesia, wakaacha video ndani ya ndege kueleza sababu, wakasubiri wakamatwe. Wakakaa rumande miezi sita pamoja na mwenzao wa nne, na jopo la wananchi la mahakama ya Liverpool likawaachia huru. Sikushauri ukavunje ndege, nchi nyingi hutatoka jela. Ila ona walivyojiandaa, hakuna mtu aliyeumia, na video ndo ikaja kuwasemea mahakamani.

Kitu ambacho wengi wanakisahau ni watu wa nchi ya mvamizi. Vijana wa Timor waliosoma vyuo vya Bali na Java walianzisha kikundi chao, Renetil, mwaka 1988, wakaitumia ile ile lugha waliyolazimishwa shuleni kuongea na wanafunzi wa Indonesia ambao nao walimchoka rais wao, Suharto. Tarehe 12 Novemba 1994, miaka mitatu kamili baada ya Santa Cruz, 29 kati yao wakaruka ukuta wa ubalozi wa Marekani Jakarta wakati Clinton, rais wa Marekani, anakuja kwenye mkutano, waandishi wa dunia nzima wako mjini tayari. Kalenda ni silaha, weka alama siku zote ambazo wageni wakubwa wanakuja. Na Suharto alipoanguka Mei 1998 walioijaza mitaa walikuwa Waindonesia wenyewe, ndo mlango ukafunguka.

Sasa sehemu ngumu, ambayo ndo watu huwa hawaiandai. Kura ilipigwa 30 Agosti 1999, asilimia 78.5 wakachagua kujitenga na Indonesia. Wapiganaji wao wa msituni, Falintil, walikuwa wamejikusanya kambini, na kiongozi wao Xanana Gusmão akiwa bado kizuizini Jakarta akawaagiza wasijibu chochote, maana wakijibu tu itaitwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na mchezo umeisha. Matokeo yakatangazwa Septemba 4 na mgambo wa upande wa Indonesia wakaanza kuchoma, watu zaidi ya elfu moja wakauawa mwaka ule, nyumba kwa nyumba. Wakati huo Lisbon watu wako barabarani wameshikana mikono, wafanyakazi wa bandari Australia wamegoma kugusa mizigo ya Indonesia, Septemba 9 Marekani ikakata uhusiano wa kijeshi, siku tatu baadaye Indonesia ikakubali walinda amani, na Septemba 20 wakatua Dili. Siku 16 tangu matokeo. Hizo 16 ndo unaziandaa miaka miwili kabla, nani ana namba ya chama cha bandarini, nani anaongea Kiingereza cha redioni saa nane usiku, chakula kimefichwa milima gani, wazee na watoto wanapitia njia ipi, na nani ana mamlaka ya kuwaambia vijana wenye hasira wakae chini na wakakaa.