Mbwa wa kuokotwa na ugomvi wa bakuli

Kama umefuga mbwa kadhaa wa kuokotwa, usiwalishe kwenye sinia moja. Mbwa aliyeishi jalalani haamini kwamba jioni chakula kitakuja tena. Hata akinenepa bado hula kama anayekimbizwa, na mwenzake akisogea anamngurumia. Hapo ndipo masikio huchanika.

Kila mmoja awe na bakuli lake na mahali pake pasipobadilika: mmoja karibu na jiko, mwingine nyuma ya nyumba, yule mkorofi afungiwe bandani mpaka wote wamalize. Kuonana wakila ndiko kunakochochea, kwa hiyo mlango au kona ya ukuta inasaidia kuliko umbali. Wakishiba, ondoa mabakuli yote. Hata tupu hugombewa. Anayekula kwa pupa mwekee katikati ya bakuli jiwe safi, kubwa asiloweza kulimeza, ili alazimike kulizunguka.

Ugali kwa dagaa au utumbo uliochemshwa hawaukatai, ila usitie vitunguu, maana huharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usiwape, huvunjika vipande vyenye ncha. (Na kwa ugomvi, mfupa mmoja unashinda sufuria nzima ya ugali.)

Watoto wasimkaribie mbwa anayekula, wala usimnyang'anye bakuli eti unamfundisha adabu. Utamthibitishia kuwa alikuwa na haki ya kuogopa. Ukilihitaji kabla hajamaliza, mtupie kipande cha nyama pembeni, aliache mwenyewe.