Namna ya kupima umaarufu na vyanzo katika wasifu wa kamusi elezo ya mtandaoni

Anayetaka kuandika au kukagua wasifu katika kamusi elezo kama Wikipedia aanze na vyanzo kabla ya kumtazama mhusika, kwa kuwa wema wa mtu, mali yake au wingi wa wafuasi wake hautoshi kumpatia makala. Kinachotakiwa ni kwamba watu wasiofungamana naye wawe wameandika habari zake kwa kina, mahali panapoaminika; huo ndio unaoitwa umaarufu hapa.

Kusanya vyanzo vyote unavyovipata, kisha uvichambue kimoja kimoja. Tovuti yake, taarifa za mwajiri wake na mahojiano anayojieleza mwenyewe vyaweza kuthibitisha jambo dogo lisilo na ubishi, kama vile chuo alikosoma, lakini umaarufu havithibitishi hata vikifika ishirini, maana vyote vinatoka kinywani mwake au kwa watu wake. Habari moja iliyochapishwa na magazeti kumi kwa maneno yaleyale huhesabiwa kuwa chanzo kimoja. Makala za kulipiwa ni ngumu zaidi kuzitambua. Mimi huzishuku zile zisizotaja mwandishi na zinazomsifu mhusika mwanzo hadi mwisho. Kuna pia mtego wa mzunguko, ambapo gazeti hunakili kamusi elezo, kisha kamusi elezo ikalitaja gazeti hilohilo kuwa ushahidi. Ukiona hivyo, fungua historia ya makala, yaani orodha ya mabadiliko yake, ulinganishe tarehe, ujue ni nani aliyetangulia kuandika.

Hata hivyo, usikatae haraka. Mwezi Mei 2018 rasimu ya wasifu wa mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa madai kwamba vyanzo vyake havikutosha, na Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama cha kimataifa cha wanasayansi wa taaluma ya mwanga, wadhifa ambao peke yake ungemstahilisha makala. Kwa wasomi, basi, tafuta katika majarida ya taaluma na kumbukumbu za vyama vyao, kwani magazeti huwapita kimya.

Mhusika akiwa hai, ukali uongezeke. Mwaka 2005 makala kuhusu mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler ilidai kwa uongo kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy na nduguye Robert, na uongo huo ukakaa kwa zaidi ya miezi minne. Dai lolote zito lisilo na chanzo thabiti liondolewe papo hapo, bila kusubiri mjadala.

Baada ya mchujo, vikibaki vyanzo viwili au vitatu huru vinavyomzungumzia kwa aya nzimanzima, andika. Kikibaki kimoja, mtaje kwa sentensi moja katika makala ya tukio au taasisi inayomhusu, na rasimu uihifadhi mpaka vyanzo vingine vipatikane.