Mlio usioujua chini ya 500 kHz? Anza na swichi kuu

Kabla ya kuuita wa ajabu, weka redio kwenye betri ushushe swichi kuu ya nyumba. Sola izime pia; hapa Lamu mchawi huweza kuwa kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa sola kuingia betrini. Kelele ya chaja hujirudia kwenye skeli kwa nafasi sawa, na huhamahama chaja ikipata moto.

Mlio ukibaki, panda darini. Herufi mbili tatu za Morse zinazorudiwa bila kuchoka, kati ya 190 na 535 kHz, huwa ni kituo cha kuongozea ndege. Kwa SSB (hali ya kupokea inayosikilizisha upande mmoja tu wa wimbi) usiandike masafa pale herufi zinapolia: hapo umepishana na wimbi kuu la kituo kwa 400 au 1020 Hz.

Mwelekeo je? Zungusha antena ya feraiti (ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya ndani ya redio) polepole, utafute mlio unapozimika, si unapovuma. Hapo ncha za feraiti zinaelekea kituo, mbele au nyuma. Ukihisi chanzo kiko kisiwani, pima mjini Lamu, kisha kijijini Shela, uone mistari inapokatana. Pima mchana, usiku mawimbi yanayorudi kutoka angani huvuruga mwelekeo.