Jinsi ya kuanza kusikiliza rock bila kumaliza bando wala masikio

Wakuu habari zenu. Kuna dogo mmoja hapa mtaani kwetu Sinza kapita dirishani kwangu wiki iliyopita, kasikia gitaa, akasimama akauliza kaka haya makelele unayasikilizaje, nikamwambia ingia ukae, tukakaa mpaka saa tano usiku. Kesho yake karudi na simu mkononi anataka nimrushie "rock zote". Sasa hapo ndo nikaona niandike, maana rock zote hazirushiki, na hata zingerushika asingesikiliza hata moja, nishaona watu wana nyimbo elfu nne kwenye simu na wanapiga zile zile kumi na mbili toka mwaka jana.

Cha kwanza, achana na playlisti. Zile za "rock bora za wakati wote" zinakuchanganyia bendi hamsini, kila moja dakika nne, ukimaliza hujui hata moja. Chukua bendi moja, albamu moja, kaa nayo wiki nzima. Mimi watu huwa nawaanzishia albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ilitoka Februari 1970, vijana wanne wa Birmingham huko Uingereza, mji wa viwanda. Mpiga gitaa wao Tony Iommi mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga shoto kwahiyo mkono huo ndo unaobana nyuzi, wengi wetu hapo tungeuza gitaa, yeye akayeyusha plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole akarudi kupiga, akatafuta nyuzi nyembamba zisimuumize, na baadae wakaanza kulegeza nyuzi zikashuka chini ya tyuni ya kawaida. Ule uzito unaousikia kwenye metali yote (ile rock nzito kabisa) mpaka leo sehemu kubwa umeanzia kwenye vidole vile.

Sasa namna ya kuisikiliza. Hapa sisi tuna faida ambayo watu hawaioni. Marehemu mjomba alikuwa mtu wa Msondo kufa kupona, na alikuwa na tabia moja, wimbo ukifika sehemu ya kuchanganya anakunyamazisha kwa mkono halafu anasema "muache huyo wa solo anajionyesha, msikilize wa rizimu anavyofanya kazi". Nilikuwa mtoto sikuelewa, nimekuja kuelewa nikiwa na Black Sabbath masikioni miaka mingi baadae. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya Msondo au Sikinde, magitaa matatu yanaongea kila moja na lake, huyo rock haimshindi, anachohitaji ni kuzoea mkwaruzo tu.

Kwahiyo fanya kama mjomba. Siku ya kwanza piga albamu nzima huku unafanya mambo yako, pika, fua, usijilazimishe kuelewa. Siku ya pili fuata besi peke yake, mwanzo mpaka mwisho, ukijikuta umehamia kwa muimbaji rudi kwenye besi. Siku ya tatu drams. Ya nne gitaa. Maneno weka mwisho kabisa, kingereza chao kisikutishe, nusu ya mashabiki wa rock duniani hawajui kinachoimbwa na wanalia vizuri tu.

Mfano, wimbo wa kwanza kabisa kwenye hiyo albamu. Inaanza mvua. Halafu kengele kama ya kanisani kwa mbali, mvua inaendelea, we unasubiri, halafu gitaa linaingia kwa nguvu na noti tatu tu, ya pili iko juu ya ya kwanza na ya tatu inakuja sehemu ambayo sikio halikuitegemea, kama mtu kaweka mguu kwenye ngazi ambayo haipo. Hapo hapo sikiliza drams za Bill Ward, hajazi kila nafasi, anaacha hewa. Kisha gitaa linanyamaza karibu lote muimbaji anaingia kwa sauti ya woga. Ukilisikia hilo mara moja kwa utulivu huna haja ya mimi kukueleza rock nini.

Wiki ya pili tafuta rekodi ya shoo. Bendi ya rock utaijua jukwaani, studio wanaweza kurudia mara ishirini. Deep Purple walirekodi usiku tatu huko Japani Agosti 1972, mbili Osaka na moja Tokyo, sikiliza rekodi ile kisha sikiliza nyimbo hizo hizo za studio, utaona wimbo mmoja unavutwa mpaka dakika kama ishirini, na kinanda cha Jon Lord kimechomekwa kwenye ampu ya gitaa kwahiyo kinanguruma kama gitaa na unaanza kubishana na rafiki yako hiki kinachopiga sasa hivi ni nini. Halafu angalia (hii ni ya kuangalia kabisa) bendi ya Queen kwenye Live Aid, shoo kubwa ya kuchangisha msaada, pale Wembley, 13 Julai 1985. Walipewa dakika kama ishirini tu, mchana kweupe, hamna mataa hamna moshi. Mtazame muimbaji wao Freddie Mercury anavyowaitisha watu kwa sauti nao wanamrudishia, uwanja mzima, anawapandisha anawashusha. Huyo mtu kazaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara jina lake, familia ikaondoka 1964 baada ya mapinduzi, kwahiyo mtu akikwambia rock sio ya kwetu mwambie apite Shangani kwanza.

Haya tuje kwenye bando, ambako ndo pesa inapotea.

Hesabu zake ziko hivi. MP3 ya 128 (hizo ni kilobiti kwa sekunde, namba ikiwa kubwa sauti imeminywa kidogo) inakula kama MB 1 kwa dakika. Ya 320 inakula MB 2.4. Albamu ya dakika 45 kwa 320 ni kama MB 108. FLAC, ambayo haijapunguza kitu chochote kutoka kwenye CD, albamu hiyo hiyo itakula MB 250 mpaka 300 hivi. Sasa ukiistrimu kwa 320 mara kumi, na nimekwambia ukae nayo wiki nzima, hiyo ni GB moja na zaidi imekwenda kwa albamu moja, wakati ungeishusha mara moja kwenye waifai ya kazini ungemaliza mchezo. Ukilipia apu ya kustrimu basi tumia ile sehemu ya kuhifadhi kwenye simu, na kwenye mipangilio ya apu uzime ubora mkubwa kwa data ya simu.

Ila kustrimu peke yake mimi siamini. Spotify imekuja huku kwetu Februari 2021, sawa, nzuri kwa kuonja, lakini unachokilipia ni ruhusa ya kusikiliza, mzigo wenyewe sio wako. Mwanamuziki Neil Young aliziondoa nyimbo zake Spotify Januari 2022 akarudisha 2024, miaka miwili mtu ulikuwa na playlisti yenye mashimo. Mwenye mafaili yake hakujua hata kama kuna ugomvi.

Kwahiyo nunua chache na uzimiliki. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ndo sehemu yangu, unalipa kwa kadi ya benki au zile kadi za mtandaoni za pesa za simu, ukishalipa unachagua mwenyewe MP3 au FLAC, na bendi nyingi zimeweka bei "toa ulichonacho". Duma wa Nairobi, wawili tu, metali imechanganywa na mashine mpaka unadhani spika imeungua, albamu yao ya 2020 ilitoka na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ipo hapo (usianze nayo lakini, nakuonya). Vya bure vya halali pia vipo, Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kuna shoo maelfu kwa maelfu za Grateful Dead, bendi ambayo iliruhusu mashabiki warekodi, zile zilizorekodiwa na mashabiki unashusha, zile zilizotoka kwenye meza ya saundi unasikilizia hapo hapo. Na kama una CD za zamani pale nyumbani zihamishie kwenye kompyuta kabla hazijachunika, programu ya Exact Audio Copy ni ya bure, ipeleke FLAC, ukitaka ndogo ya simu unatengeneza MP3 kutoka kwenye hiyo FLAC.

Kinyume chake hakuna! Kugeuza MP3 kuwa FLAC ni kutoa fotokopi ya fotokopi kwenye karatasi ya gharama. Kile kilichokatwa hakirudi. Vile vile zile saiti za kugeuza video kuwa "MP3 320", faili linakuwa kubwa, sauti inabaki ile ile. Kuna programu ya bure inaitwa Spek, unaliweka faili inakuchorea sauti, ukiona juu ya kHz 16 (zile sauti nyembamba za juu kabisa) kumekatwa kama ukuta ujue hiyo ilishawahi kuwa 128 hata ikijiita nani.

Kupanga: folda ya bendi, ndani yake folda ya albamu ianze na mwaka, na majina ya nyimbo yaanze na 01, 02, 03, sio 1, 2, 3, pleya nyingi zinaweka 10 kabla ya 2 na albamu inavurugika. Tagi, yale majina ya wimbo na bendi yaliyoandikwa ndani ya faili, rekebisha na programu ya Mp3tag. Kwenye simu mimi natumia pleya ya foobar2000 maana haikati kati ya wimbo na wimbo, jambo dogo mpaka uje kupiga Pink Floyd ya 1973 ambayo nyimbo zinaingiana, pleya mbovu inakuwekea kimya cha nusu sekunde katikati ya mapigo ya moyo.

Na memori kadi. Hapa nina kidonda. Nilinunua kadi ya GB 64, bei rahisi kuliko ya wenzake, nikajaza albamu karibu mia mbili nimezipanga kwa wiki mbili, majina yote yanaonekana, kugusa wimbo, kimya. Faili lipo, lina ukubwa, ndani hamna kitu. Kadi ilikuwa ya GB 8 imepakwa maandishi ya 64, ikishajaa inaandika juu ya vya zamani huku inakuchekea. Siku hizi kadi mpya haiwekwi hata wimbo mmoja kabla sijaipima na programu ya H2testw kwenye kompyuta, inachukua muda, iache usiku inaijaza yote na kuisoma tena, asubuhi inakwambia ukweli. Na mzigo wako weka sehemu mbili, kompyuta na diski nyingine, ikiwezekana moja ikae kwa ndugu.

Hedifoni za waya za bei ya kati zinatosha, usikope.

Ukiona albamu fulani inakuchosha masikio haraka hata ukipunguza sauti, kosa linaweza lisiwe lako. Kuna kipindi waliminya sauti zote ziwe juu muda wote. Albamu ya Metallica ya 2008 mashabiki walilalamika sana, mpaka wakagundua nyimbo hizo hizo kwenye gemu ya gitaa hazikuminywa vile na zinasikika vizuri zaidi. Bendi hiyo hiyo ndo mwaka 2000 iliishtaki Napster, programu ya kugawana nyimbo mtandaoni, na kupeleka majina ya watumiaji zaidi ya 300,000 waliokuwa wanagawana nyimbo zao. Nawapenda lakini nacheka.

Sasa shoo. Rock ya jukwaani kwa huku utaipata zaidi Nairobi, nilishawahi kupanda basi la Namanga kwa ajili hiyo, ukumbi mdogo, bendi nne, na mimi kwa ushamba nikajipanga pembeni ya spika kabisa nikidhani ndo siti ya heshima. Masikio yalipiga mluzi siku mbili, narudi Dar kondakta ananiongelesha namuona mdomo tu. Wataalamu wa usalama kazini Marekani wanasema desibeli 85 sikio linastahimili masaa 8, kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 zimebaki dakika 15. Shoo ya rock ni masaa mawili matatu, piga hesabu. Kwahiyo nunua vile vizibo vya sponji, maduka ya vifaa vya usalama wa mafundi wanauza bei ya soda, unakisokota kiwe chembamba, mkono wa pili unapita nyuma ya kichwa unavuta sikio juu, unaingiza, unakishikilia mpaka kitanuke. Muziki utausikia tu, usiogope, mara nyingi utaelewa hata maneno zaidi.

Simama karibu na meza ya saundi, huyo jamaa anachanganya kwa masikio yake na hapo alipo ndo anapopatengenezea. Wahi bendi ya kwanza. Kule mbele wakianza kusukumana, sheria ni moja, mtu akidondoka mnamuinua kwanza. Video rekodi wimbo mmoja weka simu mfukoni, maiki ya simu ikikutana na besi ile unarudi nyumbani na video ya mkoromo. Kama Nairobi mbali, Februari panda boti nenda tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar, sio rock lakini wanapiga laivu, sikio linajifunza tofauti ya bendi na CD.

Dogo wa Sinza nilimpa albamu moja tu. Kapiga simu jana usiku anasema yuko kwenye drams, kuna sehemu mpiga drams anachelewa kidogo kama makusudi, je faili ni bovu? Nikamwambia faili zima, rudia tena.