Ubao wa ngozi wa kutilia patasi makali, na jinsi ya kuutunza kwa hali ya hewa ya Lamu

Mafundi wenzangu wa milango na masanduku, hii ni ya wale wanaochonga mbambakofi au msaji kutwa na kila saa wanarudi kwenye jiwe. Si lazima. Jiwe linakula chuma kingi, ngozi inakula kidogo sana, kwa hivyo patasi inakaa miaka.

Anza kwa fundi wa makubadhi, muombe kipande cha ngozi ngumu (ile laini ya pochi haifai), upana vidole vinne hivi, urefu kama sentimita 30. Kibandike kwa gundi ya mbao juu ya ubao ulionyooka sawasawa, weka mzigo juu, uache mpaka asubuhi. Mi napenda upande wa ndani, ule wenye manyoyamanyoya, uangalie juu maana unashika dawa vizuri. Dawa yenyewe ni ile ya kung'arishia chuma, ya kijani, imekaa kama kipande cha sabuni, ndani ina kromiamu oksaidi. Sugua safu nyembamba tu, ikikataa kushika tia tone moja la mafuta ya cherehani.

Sasa kunoa kwenyewe. Patasi iwe imetoka kwenye jiwe tayari, ukipitisha kidole mgongoni (upande ulio bapa) kuelekea nje unasikia chuma kimejikunja kule kwenye makali. Laza mteremko wote (upande uliochongwa mshazari) kwenye ngozi, uvute kuja kwako, makali yafuate nyuma, USISUKUME MBELE utaichana ngozi. Mara kumi au kumi na tano, halafu geuza, mgongo ulale kabisa, vuta mara chache. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakandamiza. Ngozi inabonyea, ukikandamiza inainuka nyuma ya chuma na kuyaviringisha makali, basi patasi inang'aa vizuri lakini haikati. Mkono mwepesi jamani, na ukifika mwisho inua juu moja kwa moja, usipinde kifundo cha mkono.

Jaribu kwenye kichwa cha mbao laini, pale ulipokata na msumeno. Ukiona pamekuwa laini na hamna mistari myeupe, iko sawa, mistari ni kijipengo kwenye makali.

Bobari (patasi iliyopinda kama mfereji) ubao bapa hauitoshi kwa ndani. Chukua mbao laini, chonga mfereji kwa bobari hiyohiyo, paka dawa humo, mgongo wake utaingia barabara, tumbo lake kunja ngozi kwenye kijiti cha duara.

Utunzaji: punje moja ya mchanga inatosha kuvunja makali, kwa hivyo ukimaliza funga ubao kwa kitambaa safi, usiuache sakafuni. Dawa ikishakuwa nyeusi na ngumu, ikwangue kwa mgongo wa kisu, pitisha msasa kidogo, paka upya. Masika ikipata ukungu futa, anika kivulini, jua linaikausha mpaka inapasuka. Na patasi usiziweke bila mafuta, hii hewa ya chumvi inazila usiku mmoja, kutu ikishatoboa pale kwenye makali hakuna ngozi itakayoitoa, ni jiwe tena.