Namna ya Kuandaa Mahubiri ya Televisheni kwa Njia ya Askofu Fulton Sheen

Anayetaka kuhubiri mbele ya kamera na amtazame kwanza Askofu Fulton Sheen wa Marekani, aliyeanza kuhubiri redioni mwaka 1930 na kuanzia mwaka 1952 akaingia majumbani mwa watu kwa njia ya televisheni.

Chagua jambo moja tu, ukaliandae kwa siku kadhaa hadi uweze kulieleza bila karatasi, kwani Sheen hakuhubiri kwa kusoma maandishi. Alishika mtiririko wa hoja, na hata alijaribu hotuba yake kwa Kifaransa na Kiitaliano ili apime kama ameielewa kweli. Nawe ijaribu kwa lugha ya nyumbani kwenu, utaona mara moja inapolegea.

Zungumza ukiwa umesimama, ubao wa chaki ukiwa karibu. Juu ya ubao wake Sheen aliandika herufi JMJ, yaani Yesu, Maria na Yosefu, na aliposogea mbali nao, msaidizi asiyeonekana na watazamaji aliufuta, naye Sheen akamwita malaika wake.

Zaidi ya yote, tenga saa nzima ya sala kila siku, kama alivyofanya yeye tangu upadrisho wake mwaka 1919 hadi alipofariki mwaka 1979.